Tanuri Nyuma ya Mabati

Kila siku baada ya shule, Mersiha alimpelekea baba yake chakula kiwandani: mkate wa moto, jibini na kitunguu. Kiwanda hicho cha ami yake, Hamdo, kiliyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza mabomba ya kuuzwa Slovenia, ndani ya Umoja wa Ulaya. Baba yake, Zijad, alisimamia matanuri.

Siku moja aliwakuta ndugu hao wawili wanapigana.

"Tanuri la makaa ya mawe halizimwi kwa maji!" Zijad alipiga kelele. "Chuma bado kinachemka humo ndani, litalipuka!"

"Mnunuzi yuko getini, we kichwa kigumu!" Hamdo alimkaba koo. "Tumemwambia tunatumia umeme tu. Siku hizi Umoja wa Ulaya wanatoza ushuru kwa chuma kilichotengenezwa kwa moshi wa makaa. Akiliona hili, tumekwisha!"

"Basi tumwambie ukweli."

Ngumi ikatua. Zijad akaangukia mabomba, damu ikimtoka puani. Hamdo akamkamata Mersiha kola ya shati. "Na wewe, ukifungua mdomo nitakung'oa meno. Umesikia?"

Akasimamisha mabati mbele ya tanuri, akaburuta mpira wa maji, akaingia nyuma ya mabati hayo.

Mnunuzi, Bi Alenka, aliingia. Alilikagua tanuri la umeme, kisha akasimama karibu na mabati. "Mbona hapa kuna joto hivi?" Akamtazama Mersiha. "Binti, nyuma kuna nini?"

Mersiha alisikia maji yakianza kufoka. Akasema bismillahi moyoni.

"Tanuri la makaa!" alipayuka. "Ami analimwagia maji! Kimbieni!"

Akamvuta Bi Alenka mkono. Hawajafika mlangoni, tanuri likapasuka. Mabati yaliruka kama karatasi, na matone mekundu ya chuma yakanyesha sakafuni. Hamdo alipiga mayowe, mkono wake wa kulia ukiwaka. Zijad, uso umevimba, akajitosa kwenye mvuke, akamburuta nje na kumfunika kwa koti lake.

"Nimekupiga, nawe umenitoa," Hamdo alilia.

"Nyamaza, kaka. Mwombe Mungu."

Hamdo alirudi kutoka hospitali mkono wake umekatwa kwenye kiwiko. Bi Alenka aliendelea kununua mabomba ya tanuri la umeme. Yale ya makaa yaliyokuwa ghalani yalitozwa ushuru mkubwa, na mwaka ule faida ikawa ndogo sana. Hata hivyo, hakuna mfanyakazi aliyefukuzwa.

Mchana mmoja Mersiha alipoleta chakula, Hamdo alimkazia macho. "Bado sijakung'oa yale meno."

"Kwa mkono upi, ami?"

Zijad alishtuka, lakini Hamdo akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akamega mkate kwa mkono uliobaki, akampa Mersiha kipande cha kwanza.

"Niliukimbia ushuru, mwanangu, na ushuru wenyewe tumeulipa na tungali tunakula," alisema. "Mkono wa kulia ulichukuliwa na uongo wangu. Mtu akikuuliza, jibu kama ulivyojibu siku ile, hata kama anayekutisha ni mimi."