Mwanamume wa Kuvusha Wanawake

Siku Ngendo alipokutana na Griffins, alimwita mwizi.

Ilikuwa siku ya soko Karatina, na ile barabara mpya pana ilikuwa bado inajengwa. Ngendo alikuwa na furushi la mitumba begani, akivuka kama alivyovuka tangu utotoni: tazama mara moja, kaza roho, timka. Mkono ukamdaka mshipi wa gauni na kumrudisha nyuma.

"Mwizi! Uuuwi, mwizi!"

Lori la mchanga likapita palepale alipotaka kukanyaga, upepo wake ukamvua kilemba. Ngendo akageuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, kofia ngumu kichwani, riflekta ya rangi ya machungwa kifuani, na mkononi kile kibao cha kusimamisha magari.

"Mwizi wa nini, madam? Sijachukua kitu yako. Bado."

Hiyo "bado" ndiyo iliyommaliza. Miezi miwili baadaye, Ngendo alikuwa akimpelekea chai ya tangawizi kila asubuhi.

Tatizo lilikuwa kazi yenyewe. Mpenzi wake aliajiriwa kusimama barabarani na kuwashika wanawake mikono! Tena si wote walikuwa vikongwe. Kibanda cha Ngendo kilitazamana na kivuko, kwa hiyo hakuna kilichompita.

"Yule wa sketi ya blue, ulimwambia nini akacheka hivyo?"

"Nilimwambia atoe earphones, babe."

"Na hiyo inachekesha?"

"Kwani ni mimi nilicheka?"

Halafu kulikuwa na simu. Griffins hakushika simu akiwa na kibao mkononi, hata ungempigia mara kumi. "Nikiangalia simu, nani ataangalia gari?" alimwambia. Ngendo alimwelewa kichwani tu. Moyoni hakuelewa hata kidogo.

Ndipo akaja Kafia. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mwenye dera la zambarau, hina hadi kwenye viwiko na manukato yaliyofika kibandani kabla yake. Kila Alhamisi aliteremsha mbuzi wake kando ya barabara, na kila Alhamisi Griffins alikuwa na maneno naye. Wiki ya tatu, alimpa hata riflekta ya kuvaa.

"Huyo ni nani?" Ngendo aliuliza jioni hiyo.

"Nani? Aa, huyo ni customer tu."

"Customer? Griffins, wewe unauza nini?"

Griffins akacheka, akakuna kisogo, akaanza habari za mvua. Usiku huo Ngendo hakula.

Alhamisi iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, kibao alikuwa nacho mwenzake, Mugo. Griffins alikuwa ng'ambo na Kafia, hatua kadhaa chini ya kivuko, vichwa vimekaribiana. Kafia akainua vidole viwili. Griffins akaruka kwa furaha na kumpa mkono.

Viwili! Saa mbili? Wakutane wapi? Ngendo akapiga simu. Akamwona Griffins akiitoa mfukoni, akiitazama, akiirudisha. Leo hakuwa na kibao!

Ngendo hakwenda kivukoni kwa Mugo. Alikata moja kwa moja, simu sikioni, akipiga tena. Nusu ya kwanza aliivuka kwa bahati tu. Akapanda ukingo wa katikati, macho kwenye lile dera, akashuka upande wa pili bila kutazama kushoto, magari yalikotoka.

"Gari! Wewe, gari!" Ilikuwa sauti ya Kafia.

Breki zikalia. Pikapu ya kabeji ikayumba, kabeji zikamwagika lami nzima, na bampa ikasimama ikiwa imegusa gauni lake. Ngendo akajikuta amekaa chini, simu imepasuka. Griffins alikuja mbio, mikono juu akisimamisha magari mengine, kisha akambeba hadi kando.

"Umeumia wapi? Ngendo, niongeleshe!"

"Usiniguse! Enda ushike huyo wako!"

Kafia alifika akihema, akamkagua juu hadi chini. "Griffins, huyu ndio msichana wa mbuzi?"

"Mbuzi gani?" Ngendo akauliza.

"Kafia, nilikuambia ni siri," Griffins akasema.

"Siri gani, na mtu anataka kufa? Dada, huyu amenisumbua mwezi mzima. Ati anataka mwati na harika. Kondoo mmoja, mbuzi mmoja, wote wa kike, hawajazaa, hawana doa. Kila nikileta anakataa, ati baba yako ataangalia mpaka meno. Leo ndio nimempatia wote wawili."

Ngendo akamgeukia Griffins. Mwati na harika ndio mifugo ya kwanza ya ruracio, yaani mahari, ya kuwaambia wazazi kuwa binti amepata mchumba.

"Kwa nini hukushika simu?"

"Ungeuliza niko na nani. Mimi siwezi kukudanganya tena." Machozi yakamtoka Griffins hadharani. "Ningepelekea nani hao mbuzi, Ngendo? Ningewaleta matanga?"

"Nilikuwa naona wivu."

"Ona wivu, mpenzi. Lakini uone na gari pia."

Jumamosi moja ya Desemba, Mugo alisimamisha magari pande zote mbili. Griffins akavuka kwenda kwa wazazi wa Ngendo, kwa suti nyeusi na riflekta juu yake, mwati mkono huu, harika mkono ule. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mkono wa kumshikia mwanamke yeyote. Kwa desturi, Ngendo alitakiwa awe nyumbani, amejificha jikoni. Lakini Kafia naye alikuwa kwenye msafara, amevaa dera jipya.

Ngendo aliwafuata nyuma. Katikati ya barabara simu ikaanza kuita mkobani. Akaiacha iite. Akasimama ukingoni, akatazama kushoto ingawa Mugo alikuwa na kibao juu, kisha akavuka. Alipokanyaga nyasi za ng'ambo ndipo akaipokea.

"Hao wageni wako wapi?" mama yake akafoka. "Chai inapoa!"

"Wamevuka, mama," Ngendo akasema. "Sote tumevuka."