Sili Tu, Basi

Nazi ndiyo iliyowakutanisha, sokoni Kongowea, asubuhi watu wakipigana vikumbo na wasukuma mikokoteni wakipiga mayowe ya kuomba njia. Wardah, buibui lake jeusi na mtandio wa rangi ya embe bivu, alinyoosha mkono kwenye fungu. Mkono mwingine ukaidaka nazi ile ile. Ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati jeupe, vumbi la chaki vidoleni. Akaitikisa nazi karibu na sikio.

"Yasemaje?" Wardah akamwuliza.

"Nasikiliza kama ina maji."

"Hebu lete." Wardah akaiweka sikioni kama simu. "Halo? Wee nazi, una maji? Yasema salio limekwisha, kaka. Chukua nyingine."

Mwanamume akacheka mpaka akashika kiuno, akanong'ona neno la Kizungu ambalo Wardah hakulidaka. Aliitwa Habib, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapo Kisauni. Nazi aliiacha, nambari ya simu aliondoka nayo.

Wardah alikuwa mpishi wa mahamri na mbaazi, yeye na mamake. Hazikupita siku nyingi, hotipoti ya Habib ikawa inapelekwa shuleni kila mchana, na jioni simu inalia.

"Muhibu, leo umetia nini kwenye mbaazi? Walimu wamenizonga."

"Tui zito na iliki kidogo. Na wewe ukawapa?"

"Niwape! Nilijifungia stoo."

"Mroho wee!"

"Ijumaa nitakuja kwenu. Nina neno."

Basi Jumatano Wardah akaenda shuleni mwenyewe na hotipoti yake, mkono una hina mbichi, moyo una harusi nzima. Akamkuta Habib barazani, amempa mgongo, anazungumza na simu.

"Ndiyo, sili," Habib alikuwa akisema. "Sili tu, basi. Hapana, yeye hajui. Akijua mapema ataniharibia."

Wardah akageuka papo hapo. Akamwachia bawabu hotipoti, akarudi njia aliyojia.

Hali? Chakula chake? Na ile hotipoti inayorudi imeoshwa ikang'ara, nani anaila? Posa yake ya kwanza ilivunjwa na hofu hiyo hiyo ya chakula chake. Mama wa mchumba alitangaza mtaa mzima kwamba Wardah amemtilia mwanawe limbwata, dawa ya mapenzi, chakulani, na mwaka mzima hakuna aliyenunua hata andazi kwao. Neno hilo likisemwa mara ya pili, hakuna mume wala biashara.

"Ameshaambiwa huyo," alisema Kadzo, shoga yake muuza mitumba. "Mwanamume anayeogopa sahani yako ameshasikia. Ijumaa anakuja kukuacha kwa adabu."

Alhamisi hotipoti haikwenda. Simu ikalia.

"Kipenzi, leo nimeshinda na njaa. Kulikoni?"

"Kwani wewe wala?"

"Swali gani hilo?"

"La mtu asiyejua Kiingereza," Wardah akasema, akakata.

Ijumaa baada ya swala Habib akaja, kanzu imepigwa pasi, manukato yametangulia mlangoni. Akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba na kuingia jikoni. Wardah akamwekea mgeni wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaketi kumkabili, macho hayapepesi.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Napika mimi, mlaji hali, sahani yarudi tupu."

Habib akafikiri. "Mlaji huyo ana paka."

"Mlaji huyo ni wewe! Nimekusikia kwa masikio yangu, Habib. Sili, sili tu, na yeye hajui! Kama umeambiwa nina limbwata, niambie usoni. Usinilie mahamri kwa mdomo wa simu!"

Habib akaanza kucheka, na kadiri alivyocheka ndivyo Wardah alivyovimba. Mwisho akatia mkono mfukoni, akatoa pete.

"Nilikuwa nikizungumza na sonara, nikimtajia neno la kuchonga. Soma kwa ndani."

Wardah akaisogeza kwenye mwanga. Herufi ndogo ndogo: Silly.

"Hili si neno la mjinga hili?" Akaruka. "Shule ya msingi nilikwenda, mwalimu! Afadhali ile ya kutokula! Wanioa kwa matusi?"

"Kaa, nuru ya macho. Zamani sana, Waingereza wakimwita mtu hivi, walimaanisha ana heri, amebarikiwa. Mwenye heri moyo wake mweupe, basi likawa neno la mtu asiye na hatia. Asiye na hatia huonewa, likawa la mnyonge wa kuhurumiwa. Na mnyonge watu humwona mjinga. Limeshuka ngazi hivyo mpaka chini."

"Na mimi uliniita ngazi ipi?"

"Pale sokoni, ulipompigia nazi simu? Ya chini kabisa, wallahi." Akainamisha kichwa. "Tangu hapo nimekuwa nikilipandisha. Sasa liko juu. Nataka ulivae, Wardah."

Wardah akamtazama kama anayechunguza samaki macho kabla ya kununua.

"Maneno hayakupi shida, mwalimu. Kula kwanza."

Habib akanawa, akala. Akala wali, akala samaki, akafyonza kichwa na miiba, akapangusa sahani kwa kidole na kidole akakilamba. Hapo ndipo Wardah alipoutoa mkono wake wa hina, pete ikapita bila kukwama.

"Wardah!" mama akaita kutoka jikoni. "Chakula chapoa huku. Huli?"

"Sili, mama!" akajibu, akiitazama pete. "Sili tu, basi."

Mgeni akapaliwa na maji.