Kiti cha Kulia

Jioni ile nilikuwa nimebeba ugali na maharage kwenye sufuria niliyoifunga kwa kitambaa, nampelekea mume wangu chakula pale anapotengenezea boti. Nilikuwa nimenuna njia nzima. Nilishaamua kwamba akimaliza kula nitamwambia kwa mara ya mwisho: boti iuzwe.

Mnaoijua Bujumbura mnajua ziwa limetufanya nini. Maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia mtaani kwetu Kibenga, yakaja mlangoni kama mgeni mwenye haya, halafu sebuleni, halafu chini ya kitanda. Tukahamia Ngagara, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wifi yangu. Mume wangu Révérien alikuwa na duka la nyavu na ndoana kule ufukweni. Nalo likaenda na maji. Kilichobaki mikononi mwetu ni boti ya marehemu baba yake.

Na hata hiyo boti si ya kuvulia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ni ya mashindano ya mbio, ndefu na nyembamba, pua juu, wekundu wake umefifia, na ubavuni imeandikwa INKUBA, yaani radi. Baba mkwe, mzee Sylvère, alishindana nayo zamani, enzi matajiri wa mji walipokuwa wakijaa ufukweni Jumapili kutazama. Nyuma ina injini kubwa ya petroli, mbele ina viti viwili tu: cha kushoto cha dereva, cha kulia cha fundi wake. Sasa niambie, katika mji ambao watu wanalala ndani ya magari kwenye foleni ya petroli, mashine yenye kiu namna hiyo ni ya nini?

Maxime, mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique, alitaka kuinunua kama ilivyo. Révérien akakataa. Yeye alitaka kuigeuza: ang'oe viti, atoe ile injini, aweke moteri ndogo na mabenchi, ibebe abiria hadi mji wa Rumonge. Alisema mwenye kuuza hula mara moja, mwenye abiria hula kila siku. Nikamwambia mwenye njaa hasubiri abiria. Tuligombana hivyo kila jioni, hata binti yetu Benite akajizoeza kwenda kulala mapema.

Nilimkuta ndani ya kibanda cha mabati, ziwa likiwa hatua chache nyuma ya ukuta. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo. Kiti cha kulia kilikuwa kimelala mchangani, miguu juu, na Révérien alikuwa anajifuta jasho.

"Kimenisumbua," aliniambia. "Utasema kuna mutu alikuwa anakishikilia chini."

Niliinama kuweka sufuria, na harufu ikanipiga. Matope ya chini kabisa ziwani... samaki aliyeoza... na juu yake petroli mbichi. Boti ile haikuwa imegusa maji tangu kabla sijaolewa. Lakini pale kiti kilipong'olewa kulikuwa na maji. Niliingiza kidole. Yalikuwa vuguvugu.

Nilimwambia tuondoke. Akacheka, akasema mwanamke akitaka kuuza kitu hata maji yanamsaidia kubishana.

Ndipo tukasikia sauti.

Ilitoka ziwani, mbali. Sauti ya mwanaume aliyechoka sana.

"...vé... ré... vé... ré..."

Hapa lazima niwaeleze jambo. Mimi mume wangu namwita Papa Benite. Révé ni jina analoitwa kwao, na aliyelitumia zaidi alikuwa baba yake. Na Mrundi aliyelelewa vizuri, mkubwa akimwita, hasemi "nini?" wala "ee" kama sisi wa Uvira, upande wa Kongo. Anaitika "Karame". Ni neno la heshima, ni kumtakia anayekuita maisha marefu. Mtoto anafundishwa kulisema kabla hajaweza kufunga viatu, na ulimi unalitoa kabla akili haijauliza ni nani anayeita. Mama mkwe amenilaumu miaka yote kwamba neno hilo halinitoki.

"Karame," mume wangu akasema.

Alilisema kwa sauti ya mtoto.

Vyura wakanyamaza wote. Révérien akaiweka spana chini taratibu, akatoka. Nilidhani anakwenda kuchungulia. Akaingia majini na viatu vyake.

"Papa Benite."

Hakugeuka. Maji yakamfika magotini... kiunoni... Pale viboko wanapita, kila mtu anajua, lakini nilimfuata mbio. Nikashika shati, likachanika. Nikashika mkanda wa suruali. Alikuwa mzito kama gunia la mchele lililolowa, na alikuwa ananong'ona.

"Niache. Nimeshaitika."

Nilimvuta mpaka mchangani huku nalia kwa sauti. Sijui nguvu zile nilizitoa wapi.

Tangu hapo Révérien hakukauka. Nilimvalisha nguo kavu, baada ya kitambo kidogo zikawa zimelowa. Godoro likalowa. Akikohoa hatoi makohozi, anatoa maji yenye mchanga. Hospitalini walimpiga picha, wakasema mapafu ni safi. Mchungaji alikuja, akaomba, akaaga bila kungoja chai. Na kila jioni giza likianza kuingia, mume wangu alikuwa anageuza uso upande wa ziwa na kusema polepole, "Karame... karame..." Sisi hatukumsikia anayemwita. Tuliona tu kwamba kila akiitika, pumzi yake inapungua. Wanasema mfa maji haishi kutapatapa. Révérien wangu alikuwa ametulia kabisa, anayetapatapa nilikuwa mimi.

Nikapanda mtaa wa Kinanira kwa mama mkwe, Consolate, mchana wa jua kali. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye habari ya kiti, aliketi chini barazani, palepale alipokuwa amesimama.

Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mwanawe. Fundi wa mzee alikuwa Mkongomani, kijana wa Uvira kama mimi, jina lake Namegabe. Siku ya mashindano makubwa boti ilikata kona, kijana akarushwa nje. Hakufa papo hapo. Aliinua mkono, akamwita bosi wake kwa jina, na mzee Sylvère alimsikia. Lakini mzee alikuwa anaongoza mbio. Alijiambia amalize mzunguko kwanza, ndipo arudi. Aliporudi, maji yalikuwa yametulia, na maiti haikupatikana kamwe. Kuanzia Jumapili iliyofuata mzee akawa anasikia jina lake jioni, na hakuitika hata mara moja mpaka siku alipokufa.

"Hata sisi wa nyumbani hakutuitika," mama mkwe alisema. "Watu walifikiri ni kiziwi."

Kile kiti, alisema, mzee alikikaza mwenyewe na akakataza kisiguswe. Kwa nini, hakueleza. Pengine alitaka fundi wake ajue kwamba nafasi yake bado ipo.

Nilikuwa nalitamka jina la mzee kichwani, ndipo nikaelewa. Sylvère. Mtu akiita kutoka mbali, juu ya maji, mwanzo wa jina unapotea. Kinachofika ni mwisho wake tu: vère... vère... vère. Lifuatanishe hivyo, hutajua linaanzia wapi. Haikuwa Révé. Baba aliyeitwa alinyamaza maisha yake yote, na mtoto ambaye hakuitwa akaitika kwa sababu ana adabu. Nilimchukia yule mzee pale pale, Mungu anisamehe.

Mama mkwe alinishika mkono. "Sisi mutu akikufa tunasemaka yitavye Imana. Ameitika Mungu," alininong'oneza. "Kuitika si kitu kidogo, Mama Benite."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Uzisha ile boti. Ikienda kwa mwingine, pengine na kuita kutamufuata."

Nilimfikiria Maxime na watoto wake, na neno karame linalokaa mdomoni mwa kila mmoja wao. Halafu nikamfikiria mume wangu akitapika mchanga, nikampigia Maxime simu. Nilimwambia njoo leo, chukua, tutaelewana. Akafurahi. Akasema tatizo ni mafuta tu, lori lake limekwama, labda wiki ijayo Mungu akipenda. Révérien hakuwa na wiki.

Basi jioni ile nilirudi kibandani peke yangu. Nilikiburuta kile kiti, nikakipandisha ndani ya boti, nikakirudisha mahali pake na kukaza misumari yake ya kuzungusha mpaka kucha zikavunjika. Kisha nikatoka, nikasimama pale maji yanapolamba mchanga. Sikuwa na dawa wala hirizi, nilikuwa na maneno tu.

Giza likaingia.

Vyura wakanyamaza.

"Syl... vère..."

Safari hii nililisikia lote. Nikajibu kwa Kiswahili cha kwetu, kile ambacho yeye na mimi tulinyonya Uvira.

"Namegabe. Ule uliyemushika si Sylvère. Ni mutoto yake. Hakukukosea kitu. Umuachilie."

Hata mawimbi sikuyasikia. Halafu karibu, karibu sana, kwenye mafunjo ya kushoto kwangu:

"Na mi?"

Haikuwa sauti ya shetani. Ilikuwa sauti ya kijana wa kwetu aliyesubiri mpaka akachoka, na roho iliniuma.

Ningenyamaza. Leo najua ningenyamaza. Lakini kama Warundi wana neno lao, na sisi wa Uvira tuna letu. Mtu akisimama gizani mlangoni kwako hana pa kwenda, jibu ni moja, na tunalitoa kabla hatujamwona uso.

"Kuya," nikamwambia. "Karibu nyumbani."

Maji yakapasuka. Harufu ya petroli ikanipita shavuni, baridi. Nikasikia mchanga unakanyagwa na miguu iliyolowa... chwap... chwap... ikipanda kuelekea barabarani. Sikugeuza shingo.

Nilipofika Ngagara, wifi yangu alikuwa anaimba pambio uani. Révérien alikuwa ameketi kitandani, mkavu, anakula. Benite alikuwa amelala mapajani pake. Nilipiga magoti sakafuni nikamshukuru Mungu, na sitadanganya, furaha ile ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya harusi.

Mambo madogo nilianza kuyaona baadaye. Mume wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Kirundi nusu Kifaransa, sasa anaongea kama wajomba zangu. Ananiita Gaëlle, jina langu ambalo hakuwa analitumia, maana siku zote aliniita Mama Benite. Maxime alipokuja na lori lake hatimaye, tulikuwa wote kibandani. Révérien alisimama mbele ya boti.

"Apana," alimwambia. "Hii mashine haiuzwe, na haikatwe."

Akaanza kumfafanulia Maxime injini ile, kila bomba na kila waya, akiipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Révérien alikuwa muuza nyavu. Hakujua hata oili inamiminwa wapi. Maxime aliondoka amevutiwa, akasema mume wangu ni fundi hodari.

Petroli bado hakuna mjini, na tanki la boti nililichungulia mwenyewe, ni kavu. Lakini jioni nyingine anarudi nyumbani nywele zimesimama kwa upepo, na watu wa ufukweni wananiuliza ni nani huyo anayekimbiza boti.

Jumapili mama mkwe akaja kumwona mwanawe aliyepona. Alikuwa amevaa imvutano, vazi lake la heshima la kanisani, na amebeba ndizi. Alifungua mikono amkumbatie. Mume wangu alisimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akabaki pale pale, mikono nyuma, kama mfanyakazi mbele ya mke wa bosi.

"Madame," alisema kwa upole. "Siku ile niliita sana."

Ndizi zilimtoka mama mkwe. Alinitazama mimi, akimtafuta mtoto wake usoni mwangu, na sikuwa na kitu cha kumpa. Niliomba mwanaume atoke majini, na mwanaume alitoka. Ana mikono ya joto. Benite anampenda, na yeye anampenda Benite.

Ngagara iko mbali na ziwa. Mtu akiita majini, huku hatuwezi kumsikia. Lakini tangu Jumapili ile, jua likizama, mimi namsikia. Anaita taratibu, kwa adabu, kama mume wangu alivyozoea kuniita nilipokuwa jikoni.

"Mama Benite... Mama Benite..."

Nikiitika, mtoto atabaki na nani? Namkalisha Benite katikati ya magoti yangu, namsuka nywele, nauma midomo mpaka inatoka damu, na siitiki.