Pumzi za Jumapili Asubuhi

Ndugu zangu, akina baba na akina mama mnaotafuta riziki hapa Durban, leo sitawahubiria. Nitawaeleza tu yaliyompata Zénon, dereva, mtu wa Gitega kule Burundi, aliyekuwa akikaa ghorofa ya tatu pale Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Atakayejiona ndani ya habari hii asinikasirikie mimi.

Jumapili moja ya mwaka 2012, Zénon na mkewe Agathe walikuwa wakirudi kutoka kwenye sherehe ya ubatizo South Beach. Jua lilikuwa limepoa. Kwenye kiti cha nyuma binti yao Annick alikuwa amelala, kipande cha keki kikiwa bado mkononi, na Agathe alikuwa akiimba polepole wimbo wa asubuhi ile kanisani. Agathe alikuwa msusi, na maharusi walikuwa wakipanga foleni kuvisubiri vidole vyake. Zénon alikuwa amekunywa bia sita. Alijiona yuko sawa kabisa, kama walevi wote wanavyojiona.

Kwenye taa za barabarani, ambazo huku tunaziita robot, ilikuwa nyekundu na yeye hakuiona. Alipokuja kuliona basi la abiria likivuka mbele yake, alikata usukani, akapanda kando ya barabara na kuligonga gari kwenye uzio wa vyuma. Annick hakuumia. Mkono wa kulia wa Agathe ulivunjika mahali pawili, na ulipopona vidole viwili havikukunjika tena. Msusi wa vidole vinane atamsuka nani? Zénon alilia huku polisi wakimpima, akaapa kuacha pombe. Mimi huwa siwaamini walevi wanaoacha kwa machozi, lakini huyu alinishinda. Hakuigusa tena.

Hata hivyo, sheria haikumsubiri abadilike. Hakimu alimhukumu kifungo cha miezi sita, akakisimamisha kwa masharti, na alikuwa tayari kumnyang'anya leseni. Wakili wa kujitolea alimsihi sana, akaeleza kwamba mke hawezi tena kusuka na nyumba nzima inategemea usukani. Ndipo hakimu akaridhia jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Zénon angeendelea kuendesha gari la kampuni inayofua mashuka ya hoteli, kwa kazi tu, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa mwaka mmoja, mradi gari lifungwe kipimo cha pumzi. Akivunja sharti, leseni inakwenda na yeye anaingia jela.

Fundi alikifunga kando ya usukani. Kilikuwa kidogo, cha ukubwa wa simu za zamani, chenye mrija wa kupulizia na taa mbili. Unapuliza mpaka kilie. Ukiwa safi inawaka taa ya kijani, na gari linakubali kuwaka. Ukiwa na pombe inawaka nyekundu, na gari halitoi sauti hata ulipige mateke. Kabla ya kuondoka fundi alisema, "Asipulize mtu mwingine yeyote. Hiki kinaandika kila pumzi, siku na saa." Zénon aliitikia, lakini macho yalikuwa kwenye taa na maneno yakampita.

Na nani asingeshangaa? Jengo zima liliteremka kuitazama ile mashine. Jirani yake Juvénal, mcheshi asiyekosa neno, alilizunguka gari mara mbili.

"Kwa hiyo inajua?" aliuliza.

"Inajua," Zénon alijibu.

"Hata kama umekula vitunguu?"

"Hata ukila shamba nzima ya vitunguu, Juvénal. Yenyewe inatafuta pombe tu."

Jumamosi ya kwanza jioni, mke wa Juvénal, Gloriose, alimshusha mumewe ngazi zote tatu akimshika mkono wa shati. "Unasema hukunywa, sawa," alimwambia. "Mashine iko hapa. Itaniambia yenyewe." Juvénal alipuliza huku akicheka. Ilipowaka nyekundu, kicheko kilikatika. Gloriose hakupiga kelele. Alimtazama mumewe tu, akapanda juu, na wiki ile Juvénal alijipikia mwenyewe.

Basi ikawa desturi. Kila Jumamosi jioni wake waliwaleta waume zao, na Zénon akakaa mlangoni mwa gari na leso yake, akipangusa mrija na kutangaza majibu. Wanaume waliomcheka alipotoka mahakamani sasa walimwita Daktari. Kichwa kikamvimba, na mimi simlaumu sana, kwa sababu aliyeinamisha uso muda mrefu akisalimiwa kwa heshima hulewa bila kunywa. Agathe peke yake hakufurahi.

"Papa Annick, hii kitu ni ya tribunali, ya hakimu," alimwambia. "Si ya kuchezea."

"Nasaidia watu, Mama Annick. Iko ubaya gani?"

Sasa nifike kwa Mzee Ruphin. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti na sauti nzito, na ndiye aliyemtoa Zénon kwenye kwaya baada ya ajali na kumsema madhabahuni bila kumtaja jina, ingawa kila mtu alijua. Jumapili moja, saa moja asubuhi, Zénon alikuwa anafuta kioo cha gari, maana siku hiyo haruhusiwi kuliendesha. Mzee Ruphin alitokea na Biblia kwapani, akaangalia kulia na kushoto, akaingia ndani ya gari na kufunga mlango.

"Zénon, hii mashine inaweza kuniambia kama ya jana imetoka?"

"Ya jana gani, Mzee?"

Mzee alichukua mrija, mikono ikitetemeka, akapuliza. Nyekundu. Akasubiri kidogo, akapuliza tena. Nyekundu.

"Saa tatu napanda madhabahuni," alisema. "Mwanangu, usiniseme."

"Sitasema, Mzee. Nakuahidi."

Zénon angeweza kufurahi siku ile. Badala yake aliingiwa na hofu, kama mtoto aliyefungua mlango akamkuta mzazi wake anaoga. Ule mtetemeko aliufahamu, aliwahi kuwa nao mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mzee Ruphin alirudi Jumapili sita, na ile moja tu iliyowaka kijani alimbusu Zénon kwenye paji la uso na kulia.

Mwezi wa tano, ofisa wa vipimo alikuja kusoma kumbukumbu za mashine. Alitoa karatasi nne. Nyekundu za Jumamosi jioni zilikuwa thelathini na moja. Na chini yake zilikuwapo nyekundu za Jumapili, saa moja asubuhi, siku ambayo Zénon hana ruhusa hata ya kuwasha gari. Aliitwa mahakamani Alhamisi iliyofuata, na alipoisoma barua akakaa chini sakafuni.

Alimweleza Agathe habari za Jumamosi. Kuhusu Jumapili alisema tu kwamba amempa mtu neno lake.

"Ulinivunja mkono nikakusamehe," Agathe alisema. "Sasa unataka Annick akuone jela kwa siri ya nani?"

Jumatano Zénon alipanda kilima cha Berea kwa miguu mpaka kwa Mzee Ruphin. "Mzee, kesho nitaulizwa za Jumapili," alisema mlangoni. Mzee alisema, "Mungu akuongoze," akafunga mlango. Wengine mtasema Zénon alikuwa mjinga kuendelea kukaa kimya. Labda. Lakini aliona kwamba mtu akivuliwa nguo na mwenzake hufa, na mtu akivua mwenyewe hupona, na hakutaka kuwa wa kumvua.

Agathe naye alikuwa anagonga milango ya jengo. Juvénal alikuna kichwa. "Eish, shemeji. Mimi na haya makaratasi ya asylum, ya kuomba ukimbizi, nijipeleke mwenyewe mbele ya hakimu?" Wengine walikuwa na safari, wengine homa. Hata hivyo Alhamisi asubuhi wanaume watano walikuwa wamejipanga nje ya mahakama, wamenyoa ndevu, na Gloriose amesimama nyuma yao kama askari wa zamu.

Walisimama mmoja mmoja. "Hiyo ya mwezi wa pili ni yangu, Mheshimiwa," alisema Juvénal kupitia mkalimani. "Na ile ya wiki iliyofuata. Na ile nyingine." Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika bila kuinua uso mpaka kila Jumamosi ikapata angalau mwenyewe mmoja. Kisha akavua miwani.

"Na za Jumapili?"

"Siwezi kusema, Mheshimiwa," Zénon alijibu.

"Unajua maana ya jibu hilo?"

"Najua."

Agathe alijifunika uso. Hakimu alishika kalamu. Ndipo benchi la nyuma likalia, na Mzee Ruphin, aliyekuja na barua ya kanisa ya kuombea msamaha, akasimama na barua yake mkononi.

"Za Jumapili ni zangu."

Hakimu alimpima kwa macho, suti na mvi na msalaba wa kifuani. "Nitajuaje kuwa hukutumwa kuja kumwokoa?"

"Nipeni mashine," Mzee alisema.

Ofisa alikuwa amekuja na kipimo kama kile ili kuieleza mahakama. Hakimu alimwashiria. Wakaanza na Zénon. Alipuliza, kikalia, kikawaka kijani. Wakabadilisha mrija, akapewa Mzee Ruphin. Alijipangusa midomo, akavuta pumzi, akapuliza mpaka mwisho. Kikalia. Nyekundu. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi.

Hakuna aliyecheka. Mkalimani alisahau kutafsiri. Juvénal, ambaye hajawahi kukosa mzaha, alivua kofia yake. Zénon alikuwa ameona vita na amevuka mipaka minne kwa miguu na kwa malori, lakini hakuwahi kuona mtu akiichoma heshima ya miaka yote mbele za watu ili mwenzake asiingie jela.

"Nimekunywa ili nipate nguvu ya kuja hapa," Mzee alisema. "Bila hiyo miguu haisimami. Ni miaka kumi na moja sasa."

Hakimu alimwachia Zénon leseni yake, akamwongezea miezi sita ya mashine kwa kosa la kuwapa wengine mrija. Kwa Mzee hakuandika kosa, maana hakuendesha gari lolote. Alimwandikia anwani ya hospitali, akamwambia aende siku ile ile. Nje barabarani Zénon alimshika Mzee mkono wa kushoto na Agathe akamshika wa kulia, wakampeleka.

Alipokelewa, akaacha. Nawaambia kweli, hakugusa tena hata tone. Lakini madaktari walipompima walikuta ini limekwisha, na mmoja wao alimwambia Zénon kwa upole kwamba angeletwa miaka minne mapema, yangekuwa mengine. Mzee Ruphin aliishi miezi saba. Kila jioni Zénon alipanda Berea kumsomea Zaburi, na watu wa kwaya walikuja wakajaa chumba, wale wale waliokuwa wakimwogopa. Alikufa akiwa na akili timamu na mikono imetulia.

FUNZO

Wapendwa, anayekunywa na kuendesha hajui nani atalipa. Zénon alikunywa, na vidole vya Agathe ndivyo vilivyolipa. Ukishapewa nafasi ya pili, ilinde, wala usiifanye mchezo wa kujipatia sifa.

Lakini jambo kubwa ni hili. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulevi ni maradhi, na unaweza kuvaa suti na kushika Biblia. Nasi tuliomfanya Mzee Ruphin malaika tulimziba mdomo, kwa sababu malaika hana ruhusa ya kuugua. Tulishangaa mashine iliyomjua, na sisi tulikaa naye miaka kumi na moja, tukimpa mkono kila Jumapili, na hakuna aliyeuliza kwa nini mkono ule unatetemeka.

Kama wako unatetemeka asubuhi, mwambie mtu leo. Na ukiambiwa wewe, usiende kumtangaza. Mshike mkono, mpeleke hospitali.