Nanga Kwenye Ghuba Kavu

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye Nokia ya batani ambayo Ndimu hakuitumia kwa jambo lingine lolote.

"Mteja wa saa tatu anataka kuzunguka kisiwa. Mpangie. Usimchoshe kwa maswali."

Aliusoma mara mbili, akaufuta.

Katika Idara ya ujasusi, mteja ni mtu wa kuangaliwa, na kumpangia ni kumpa anachotaka huku ukimhesabia pumzi. Hilo la maswali lilikuwa jipya. Mwalimu, mkuu wake wa kazi, ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kufunga fundo mpaka kufungua kufuli la watu. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwambia asiulize.

Walimwita Ndimu kwa sababu ya uso. Wengine huzaliwa na tabasamu. Yeye alizaliwa na sura ya mtu aliyekutana na ukakasi sasa hivi, na ujasusi haukumsaidia kuirekebisha. Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya ziada. Mtoto wa mdogo wake, binti wa miaka minne, alikuwa na siku ya tatu wodini bila kutoa hata tone la mkojo. Alinyweshwa dawa ya homa kutoka chupa yenye picha ya ndege wa njano, iliyonunuliwa duka la dawa lenye leseni ukutani. Watoto tisa wengine walilala wodi hiyohiyo kwa dawa hiyohiyo.

"Figo zimegoma," daktari alimwambia. "Nikijua walichokunywa, nitajua cha kuwapa. Nitafutie chupa moja, hata yenye vijiko viwili."

Madukani zilishaondolewa, zote, kwa siku moja. Ile ya mdogo wake, Ndimu alikwisha kumkabidhi Mwalimu mkono kwa mkono, kabla daktari hajaiulizia, ipelekwe maabara ya Idara. Mwalimu alisema maabara kuna foleni.

Saa tatu kamili harufu ya marashi ilipanda ngazi. Dakika moja baadaye mwenyewe akafuata.

Ofisi ya Ndimu ilikuwa chumba kimoja juu ya gati la mashua za matanga: feni, mashine ya kuchapa, ramani ya kisiwa chini ya kioo cha meza, na kibao mlangoni kilichosema anapanga safari za baharini. Kazi hiyo aliifanya kweli, na aliifanya vizuri. Idara ndiyo iliyomweka hapo, na muhuri wake ulijulikana kwenye kila boti ya doria. Safari yenye muhuri huo haikupekuliwa na mtu.

Marashi, maana jina alilotoa lilikuwa la uongo na halina haja ya kurudiwa, aliketi bila kukaribishwa. Akatoa kikata kucha mfukoni.

Akaanza kukata kucha.

"Siku nne," alisema. "Tunazunguka kisiwa chote. Tupo watatu. Nataka ile katamarani yenye sakafu pana, na tunaondoka leo saa tano."

"Mmewahi kusafiri kwa matanga?"

"Mno."

Kucha moja iliruka, ikatua juu ya kioo, kaskazini mwa kisiwa. Ndimu aliitazama. Ilikuwa na weupe wa maziwa yaliyochacha. Ya pili ilimwangukia mkononi, na kinyaa kikampanda mpaka kwenye mizizi ya meno. Alijifanya hamnazo, akanyoosha mkono kupokea karatasi.

Mpango ulikuwa umechapwa tayari. Leo: upande wa nje wa kisiwa, kisha nanga kwenye ghuba ya mashariki saa kumi na moja jioni. Kesho: kuondoka ghubani alasiri. Siku zilizobaki zilijaa fukwe nzuri na kuogelea, mapambo matupu.

Ndimu alihesabu mwezi kichwani. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Kesho saa nne na nusu asubuhi ghuba ya mashariki ingekuwa kavu, samaki wenyewe wangehama. Hakuna nahodha mwenye akili timamu anayetia nanga pale siku za bamvua.

Labda awe anataka kukauka.

Katamarani ina matumbo mawili. Maji yakiondoka, inakaa wima juu ya mchanga bila kulalia ubavu, na trekta linaweza kuja mpaka mlangoni kwake. Halafu bahari inarudi na kufuta matairi. Upande wa nje wa kisiwa, hakuna anayeona meli gani imesimama kukabidhi nini.

"Hebu niambie," Marashi alisema, akigonga karatasi. "Hizi namba za kina. Pima mbili, pima tatu. Pima ndiyo mita?"

Feni ilizunguka. Ndimu aliisogeza karatasi karibu.

Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kipimo cha manahodha wa zamani. Ramani zote sasa ni mita, na vijana wote wa Idara walitumia mita. Duniani alibaki mtu mmoja tu, kwa kadiri Ndimu alivyojua, aliyeandika kina cha bahari kwa pima na kuwasimanga waliofanya vinginevyo.

Mwalimu.

Aliushika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma. Ndiyo maana ya kuambiwa asiulize. Ndiyo maana ya foleni ya maabara: mzigo wa ghubani ni ileile dawa ya ndege wa njano.

"Siyo mita," alisema, na sauti ilitoka ya kawaida kabisa. "Acha nikugeuzie na nikuchapie upya, doria wasije wakawasumbua."

"Ndiyo maana tumekuja kwako. Tumeambiwa wewe mama huna maneno mengi."

Alichapa. Pima akazigeuza mita, zote sahihi. Kitu kimoja tu alikibadilisha. Mwalimu aliandika nanga itiwe juu ya mgongo wa mchanga mgumu uliokatiza ghuba. Ndimu aliisogeza hatua mia mbili kusini, mahali ambapo mchanga ni ngozi nyembamba tu na chini yake kuna tope lisilojulikana mwisho wake. Akapiga muhuri.

Marashi alipuliza kucha zake zikatawanyika sakafuni, akaondoka.

Nokia ikalia.

"Amekuja?" Mwalimu aliuliza.

"Amekuja."

"Umemwonaje?"

"Mtalii tu. Ananuka marashi."

Mwalimu alicheka. "Na mtoto?"

"Vilevile. Maabara wanasemaje?"

"Nawasukuma, mwanangu. Wewe mwombee tu."

Ndimu alikata simu, akainama kwenye ndoo ya takataka, akatapika chai yote ya asubuhi.

Alipomaliza alisukutua kinywa, akachukua simu nyingine, Motorola ya redio. Yeye na Kamanda wa doria walianza kazi mwaka uleule.

"Doria."

"Ndimu. Hili halipiti Idarani."

"Sema."

"Kesho. Ghuba ya mashariki. Katamarani yangu."

"Niwakamate leo baharini?"

"Wakikuona watamwaga kila kitu majini. Daktari anataka chupa. Njoo na maji yakirudi."

"Wangapi?"

"Watatu, dereva wa trekta, na mmoja wetu atakayekuja kupokea mzigo."

"Mmoja wetu," Kamanda alirudia, kama anayetema kitu. "Nakuja."

*

Kesho yake saa nne asubuhi Ndimu alikuwa amelala kifudifudi kwenye mikoko, darubini ya Nikon machoni, Glock kiunoni. Tope lilinuka mayai viza. Kaa wadogo walimtambaa shingoni na hakuwa na ruhusa ya kujikuna. Ubavuni alikuwa na vipande viwili vya ubao vyenye kamba, vya kufunga miguuni kutembelea juu ya tope. Ujanja huo alifundishwa na Mwalimu.

Katamarani ilikaa katikati ya ghuba kavu, matumbo yote mawili chini, mlingoti wima. Nyaya za kuwasha injini hazikuwemo. Usiku wa manane, maji yalipokuwa kifuani, alizifuata mwenyewe akazitoa kwa kisu, na kamba za tanga akazikata nusu, huku watalii wake wakikoroma.

Trekta lilitokea saa nne unusu, Massey Ferguson jekundu lenye tela. Juu ya tela alisimama mtu mmoja mwenye tai na mabuti ya mpira.

Ndimu alirekebisha darubini. Alijua atamwona. Alikuwa Mwalimu.

Trekta lilikuja vizuri kwenye mgongo wa mchanga, likaacha mgongo, likaelekea katamarani. Hatua thelathini kabla ya kufika, tairi za mbele zilitoboa ngozi ya mchanga.

Dereva akakanyaga mafuta, kosa la mwisho analoweza kufanya mtu kwenye tope. Trekta lilijichimbia kaburi mpaka ekseli.

Marashi na wenzake waliruka kutoka katamarani, kila mmoja na boksi begani. Hatua ya kwanza, vifundo vya miguu. Ya tatu, magoti. Ya saba, mapaja, na hapo wakaganda.

"Nani kawaambia mtie nanga hapa?" Mwalimu alipayuka. "Mimi niliandika mgongoni!"

"Yule mama wa ofisini ndiye kageuza zile pima zako!"

Kwenye darubini, Ndimu aliuona uso wa Mwalimu ukishuka. Alielewa papo hapo. Ujinga haukuwa ugonjwa wake.

Ndimu alifunga ubao miguuni, akatoka mikokoni.

Alitembea polepole, ubao baada ya ubao, akizunguka nyuma yao. Marashi alisikia mlio, akachomoa bastola na kufyatua. Risasi ilikwenda kwa kaa. Mtu aliyezama mpaka mapajani hawezi kugeuka. Alijipinda kiuno, akafyatua ya pili mbele yake mwenyewe, tope likamrukia mdomoni.

"Dondosha," Ndimu alisema, mdomo wa Glock ukigusa kisogo chake.

Aliidondosha. Kucha zake, zile alizozikata kwa makini juu ya ramani ya watu, zilikuwa nyeusi tii. Marashi yalikuwa bado yanasikika, yamechanganyika na uvundo, na Ndimu alibana pumzi wakati akimnyang'anya boksi.

Akalichana kwa kisu. Chupa arobaini. Ndege wa njano arobaini.

Mwalimu alikuwa ameteremka kwenye tela kutaka kukimbia. Alifika hatua nne tu. Sasa alisimama na tope kiunoni, tai ikielea juu ya uchafu.

"Ndimu, mwanangu. Nisikilize. Mimi sikujua ni sumu. Waliniambia ni dawa iliyopitwa na tarehe tu."

"Tu."

"Tulikuwa tunakwenda kuisambaza vijijini, mbali huko, siyo..."

Alijikatiza mwenyewe. Ndimu alimwangalia, mzee huyu aliyemwita mwanangu mbele ya watu na pembeni, na akashangaa kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na kinyaa tu, kilekile cha kukuta unywele kwenye chakula ulichokwisha kukimeza.

"Chupa yangu uliipeleka wapi?"

Mwalimu alitazama pembeni.

"Nilimwaga."

"Wapi?"

"Kwenye sinki. Jikoni, ofisini."

Sinki lile walimooshea vikombe. Jioni ileile Mwalimu alimtengenezea chai kwa mikono yake, akamwekea sukari, akamwambia pole.

Mbali, mstari mweupe ulionekana mdomoni mwa ghuba. Bahari ilikuwa imegeuka.

"Nipe mkono," Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Maji hayo yanakuja."

"Pima ngapi?"

Mkono wa Mwalimu ulibaki hewani.

Ndimu hakumpa mkono. Aliwarushia maboya ya kuvaa kutoka katamarani, matano, moja kwa kila mtu, kwa sababu yeye hakuwa kama wao. Kisha akawaambia njia iliyopo.

"Laleni kifudifudi. Mtambae mpaka kwenye katamarani, mpande juu, msubiri. Injini haiwaki, msijisumbue."

Alibaki kuangalia mpaka alipomwona Mwalimu akilala. Mkuu wa kitengo, mwenye nishani mbili, alitambaa kwa tumbo na kidevu kikiburuza topeni, tai ikimfuata ubavuni. Dereva alimpita.

"Doria, Ndimu," alisema kwenye Motorola. "Watano. Wananuka, lete mipira ya maji ya kuwaoshea."

"Dakika arobaini. Na wewe?"

"Mimi naondoka. Nina chupa."

Alijitwisha boksi kichwani, akaupanda mgongo wa mchanga, akatembea kuelekea nchi kavu. Nyuma yake waliita jina lake mara mbili. Hakugeuka.

*

Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, Ndimu alikuwa amepiga magoti ofisini na ufagio wa mkono, akiokota kucha za mtu mwingine. Alipata sita. Ya saba ilikuwa imeingia chini ya kioo, kwenye ghuba ya mashariki kwenyewe, na ilibidi aitoe kwa sindano.

Daktari aliipokea chupa siku ileile mchana. Jioni aliijua sumu. Baada ya hapo hakusema neno zaidi ya kwamba wasubiri, na Ndimu alisubiri bila kula kitu kilichokaa tumboni.

Simu yake ya kawaida ililia. Mdogo wake.

Kwanza kilikuwa kilio, na Ndimu akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa.

"Dada."

"Nipo. Sema tu."

"Amekojoa, dada. Amekojoa kitandani. Kalowesha shuka, kalowesha godoro, kanilowesha na mimi. Na anauliza mama mkubwa yuko wapi."

Ndimu alijipangusa uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa vichafu.

"Wenzake je?"

"Wawili tayari. Daktari anapita kila kitanda anakagua mashuka, ungemwona anavyocheka. Ngoja nikate, nikayafue haya, chumba kizima kinanuka."

"Usiyaguse," Ndimu alisema. "Nakuja kufua mimi."

Alizitupa kucha kwenye ndoo, akanawa mikono mara tatu, akafunga mlango. Kisha akateremka ngazi bila haraka, akakatiza gati, akaenda kununua sabuni.