Nyota Niliyemfunga Mdomo

Nina miaka thelathini na sita, nina stashahada ya filamu, na nyumba yangu hapa Bariadi niliijenga kwa jasho langu mwenyewe niliporudi kutoka Dar es Salaam. Nasema haya mjue anayewaandikia si mjinga. Lakini nimechoka, ndugu zangu... nimechoka sana.

Chuoni nilizipenda filamu za zamani zisizo na sauti. Niliporudi nikaanza kutengeneza za kwangu, hadithi nzima kwa macho na mikono. Nyota wangu alikuwa Kabula, mke wangu. Akilia kwenye skrini, ukumbi mzima unalia!

Ila umaarufu hutengenezwa. Nikabandika mabango, nikakodi gari la matangazo: “Njooni mumwone Kabula, nyota aliyezaliwa bubu!” Watu wakafurika, Bariadi hadi Maswa! Ikabidi asiseme neno mbele za watu, hata sokoni.

“Mume wangu, nimechoka kuwapungia mkono mawifi zangu kama nafukuza nzi,” alinilalamikia nyumbani. Nikamwambia avumilie.

Siku ya onyesho la Malampaka, baba yake alishuka kwenye treni na jogoo mkononi. Akamkuta bintiye mlangoni mwa ukumbi, katikati ya mashabiki.

“Mwadila, mwanangu!” akamsalimia kwa Kisukuma.

Kabula akapiga magoti, akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza... Mnajua kwetu ni aibu gani binti kutoitikia salamu ya baba yake?

“Mzee, huyo bubu! Hujaona bango?” mama mmoja akamcheka.

“Bubu? Huyu aliyekuwa akiwaimbia ng'ombe wangu?” Mzee akamgeukia bintiye. “Mwanangu, nimekukosea nini?”

“Mwadila, baba!” Kabula akaangua kilio. “Hujanikosea!”

Watu wakanizomea, “Tapeli!”, wakachana mabango. Kabula akaondoka na baba yake, hakugeuka nyuma.

Nilimfuata kijijini. Nilimkuta kisimani akicheka na wenzake, sauti yake naisikia tangu mbali. Nikaomba msamaha, nikalia... mimi! Akainua kiganja taratibu, akakigeuza, akakishusha. Ile ishara ya kuagana niliyomfundisha mwenyewe mbele ya kamera!

Wasomaji wenzangu, utafuteni umaarufu mkitaka. Ila msimfanye mtu wenu tangazo mpaka akose hata salamu ya mzazi wake.

Nyumba yangu bado ni nzuri, wapita njia huisifu. Lakini nikiingia jioni nikisalimia... nani wa kuniitikia?