Kiungio Kilichong'aa

Mwaka 1957 Cyril alikuwa mganga wa zahanati ndogo karibu na Newala. Kila asubuhi aliita hospitali ya Masasi kwa simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano. Mkewe, Agnes, hakupenda chuma kichafu. Kila Jumamosi alisugua vinara vya kanisani kwa majivu yaliyoloweshwa maji. Kisha alisugua kiungio cha chuma kilichounganisha waya wa eriali na ule wa simu, nje ya ukuta.

Mvua zilipoanza, simu ikanyamaza. Agnes akaingiwa na hofu. Binti yao Priska alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wake wa kwanza ulimtoa damu nyingi, nusura umuue.

Cyril akatuma barua, na fundi wa simu, Marko, akapanda mlima kutoka Masasi.

"Shikamoo, Mama Priska."

"Marahaba, mwanangu. Tazama, nakisugua kiungio hiki kila wiki, na bado kimenuna!"

Marko akakifungua. Yakatoka maji na tope la majivu.

"Nje kinang'aa, mama. Ndani kimelowa. Hiki cha skrubu ni imara, hata waya ukivutwa. Ila hakizuii maji."

Agnes akainama. "Kumbe nimemzibia Priska njia ya msaada."

"Hukuambiwa, mama."

Cyril akachukua kiungio kidogo kwenye sanduku la fundi. "Na hiki je?"

"Hicho unakizungusha kidogo tu, kinashika. Kinafaa mezani, panapofunguliwa mara kwa mara. Nje, upepo ukikitikisa, utasikia mikwaruzo simuni."

"Na hiki kinene?"

"Kina mpira ndani. Maji hayapiti. Lakini kukifunga ni kazi. Ukikosea kidogo, ni bure."

Marko akakifunga hicho polepole. Akaupinda waya chini, matone yaanguke kabla ya kufika ukutani.

"Usikisugue, mama. Kitambaa kikavu kinatosha."

Wiki tatu baadaye, mvua ikinyesha, Priska akaanza kutoka damu. Cyril akaita Masasi. Agnes alisimama kando, mikono nyuma.

"Newala, tunakusikia. Gari linaondoka."

Likafika na daktari. Priska akapona, na mtoto wake akalia kwa nguvu.

Jumamosi iliyofuata Agnes alisugua vinara vyote. Akafika kwenye kiungio. Kilikuwa kimefubaa, kina vumbi. Mkono ulimwasha.

"Kaa na weusi wako, baba," akakiambia. "Mwanangu yu hai."

Akaenda kumwogesha mjukuu.